Kibao cha Bonane: mbao za zamani na herufi za mkono

Tunapofika mwezi wa kumi na mbili, mvua imekwisha kushika Lubumbashi, maembe yamejaa kando ya barabara, na vibao vinaanza kutoka. Vinapigiliwa misumari kwenye mlango wa lupango, vinafungwa na waya kwenye mti, vinasimamishwa mbele ya nganda ao mbele ya kinyozi. Vinasema JOYEUX NOËL, vinasema BONNE ANNÉE, mara moja moja vinasema HERI YA MWAKA MPYA. Mwezi wa kwanza ukifika katikati, vingi vimekwisha kuingia katika mbabula na kuivisha bukari. Michongo ya Waluba iko na vitabu vyake, michoro ya Katanga iko na vitabu vyake. Kibao cha sikukuu, ambacho mtoto wa Katuba anakisoma mbele hajafungua kitabu cha kwanza, sisi wote tunakipita tu.

Sisi tunaona kinastahili kutazamwa na kuhukumiwa kama kazi ingine yoyote ya mkono. Tuseme wazi mawazo yetu: vibao vingi vya miaka hii ni vibaya, na ubaya wake hautoki kwa umaskini wa mbao wala wa rangi. Unatoka kwa hili, kwamba aliyekiandika hakujiuliza kinatundikwa wapi, nani anasalimia, na anasalimia nani. Vichache vizuri tulivyoviona vilijua mambo hayo. Uzuri wa herufi na wa rangi tutausema pia, lakini unakuja nyuma.

Tuanze na mbao, maana mbao zinasema mbele ya mwandishi.

Katika mji wetu ubao mpya ni ghali, na mtu mwenye akili hanunui ubao mpya kwa kitu cha majuma mawili. Anachukua kilichopo: palete iliyoleta mashine ao mifuko ya simenti, sanduku, mlango uliooza chini, ubavu wa kitanda. Palete nyingi zinaingia kwa Kasumbalesa juu ya malori yanayotoka kusini na mashariki. Mara nyingi ni mbao za msonobari, nyeupe, nyepesi, zinazonyonya maji. Zikiisha kupakuliwa zinauzwa, sehemu kwa vijana wanaotengeneza viti na meza, sehemu kwa kuni. Kuzifungua ni kazi ya uvumilivu: misumari yake mingi imesokotwa ao iko na pete pete, na ukivuta kwa nguvu ubao unapasuka. Wenye kuzoea wanaingiza jino la msumeno wa chuma katikati ya mbao mbili, wanakata misumari, na kuacha vichwa vyake ndani. Vichwa hivyo vinaonekana kama nukta nyeusi, na kisha mvua moja ama mbili vinatoa machozi ya kutu. Kuko wanaovificha na rangi. Sisi tunapenda viachwe.

Palete iliyovuka mpaka inapaswa kuwa na alama iliyochomwa ao kuchapwa pembeni: picha ya suke la ngano, herufi mbili za nchi (ZA kwa Afrika ya Kusini, CN kwa China), nambari ya kiwanda, kisha herufi za namna mbao zilivyotibiwa. HT ni kusema mbao zilipashwa moto mpaka ndani kabisa zikafika digri 56 kwa dakika 30, ili wadudu wafe. MB ni kusema zilifukizwa na gesi ya sumu, bromidi ya metili. Kanuni hiyo ya mataifa ilitoka mwaka 2002. Basi, mwenye kutafuta ubao wa kibao asome alama mbele ya kulipa. Palete ya MB haifai kuingia nyumbani, haifai kupigwa randa na msasa, na zaidi ya yote haifai kuchomwa mahali pa kupikia. Ni vilevile kwa ubao unaonuka lami ao mafuta ya mashine. Wanafunzi wetu walicheka tulipowaambia wajifunze kusoma palete. Siku ya pili walirudi na orodha ya alama walizoziona katika mtaa mmoja, na hawakucheka tena.

Tunakaa juu ya alama hiyo kwa sababu ni maandishi ya kwanza ya ubao. Mwenye kuandika kibao cha sikukuu hapewi karatasi nyeupe. Anakuta kitu kilichokwisha kuandikwa: njia ya lori, nchi ya msitu, mguu wa mtu aliyekanyaga, tundu la msumari. Kazi yake ni kuongeza neno lake juu ya maneno hayo bila kuyafuta yote.

Kuko mbao za hapa vilevile. Nzuri kuliko zote kwa kazi hii ni mukwa, mti wa miombo yetu ambao katika vitabu unaitwa Pterocarpus angolensis. Moyo wake uko na rangi ya asali inayoelekea wekundu, mchwa haumshindi haraka, na hauvimbi sana na mvua. Mtu akibomoa nyumba ya zamani na kutupa mlango wa mukwa, huyo anatupa mali. Ubao wa namna hiyo ukipigwa msasa kidogo tu, ule uzee wa juu unatoka na ule wa ndani unabaki.

Hapa wenzetu wa chama wanapenda kukimbilia lukasa. Tumewasikia mara nyingi: ubao, alama, kumbukumbu, basi kibao cha Bonane ni mjukuu wa lukasa. Lukasa, tukumbushe kwa vijana, ni ubao mdogo wa Waluba, unaoshikwa katika mkono wa kushoto, wenye shanga na simbi na michoro. Watu wa Mbudye waliusoma kwa kidole cha mkono wa kuume, shanga hii mfalme, mstari huu safari, na kwa njia hiyo waliimba na kueleza historia ya ufalme. Mwaka 1996 maonyesho makubwa ya New York juu ya Waluba na kumbukumbu yaliifanya ijulikane katika dunia. Sisi hatukubali ujukuu huo. Lukasa ilikuwa ya wachache walioingizwa katika chama chenye siri. Kibao kinasomwa na kila mwenye kupita, mpaka mlevi. Lukasa inaficha, kibao kinapiga kelele. Tukifananisha kila ubao na lukasa tutafika siku moja kufananisha nayo hata meza ya mwalimu. Kitu kimoja tu ni kweli katika mfano ule: kwa zote mbili, ubao si mgongo wa kubeba alama tu. Tundu lake, unene wake, mahali pa kushikia, vyote ni sehemu ya kusoma.

Wazazi wa kweli wa kibao chetu si wa mbali hivyo. Ni waandika vibao wa miji: wale walioandika juu ya ukuta wa duka, ubavu wa lori, mlango wa kinyozi. Kazi hiyo ndiyo ilizaa sehemu kubwa ya uchoraji wa Kongo unaosifiwa leo. Chéri Samba, aliyezaliwa 1956, alifika Kinshasa 1972 na kuanza kwa waandika vibao. Mwaka 1975 akafungua chumba chake cha kazi. Herufi hazikumwacha tangu hapo, zinajaa ndani ya michoro yake. Na kwetu huku kulikuwa Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1947. Katika miaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi katika michoro 100 na zaidi kwa ajili ya Johannes Fabian, aliyekuwa profesa hapa, na michoro hiyo leo iko Amsterdam. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na ndani ya michoro aliandika, kwa herufi za mkono zilizonyooka, nini kinatokea na nani ni nani. Mfuko wa unga uliokwisha kazi yake, na maneno juu yake. Tukitafuta nasaba ya palete iliyoandikwa BONNE ANNÉE, tusiende mbali kuliko hapo.

Sasa tuingie katika vibao vyenyewe. Katika sikukuu za mwisho tulitembea komini tatu na kutazama vingi. Vitatu vinatosha kwa kueleza.

Cha kwanza kilikuwa Kamalondo, mbele ya nganda. Kikubwa, cha mbao tano, kizuri kwa mbali. Ukikaribia unaona kitu cha kushangaza: mbao zilikuwa mpya. Zilinunuliwa, zikachomwa na moto wa gesi ili ziwe nyeusi nyeusi, zikakwaruzwa na waya, zikapigwa nyundo ili zifanye vidonda, zikapakwa rangi nyeupe na kupanguswa nusu. Juu yake, kwa herufi za kujikunja kunja kama mizabibu, MERRY CHRISTMAS, na pembeni matone ya teluji. Kijana aliyekifanya iko na mkono mzuri sana, tusimnyime sifa yake. Mikia ya herufi ilikuwa safi, bila kutetemeka. Tulimuuliza kwa nini hivi.

"Mwalimu, batu banapenda vile banaona mu telefone."

Ni kweli, na tumeona sisi pia zile picha. Zinatoka zaidi Marekani, na sehemu ya Ulaya. Kule mtu wa shamba ana ghala la zamani la babu yake, la ng'ombe na majani makavu. Ghala linaanguka, anatoa mbao, anaandika salamu ya Noeli na kuitundika juu ya moto wa nyumba. Nje kuna teluji. Kwake yote ni kweli: ule weusi ni wa mvua ya miaka 80, ule mkwaruzo ni wa pembe ya ng'ombe, na teluji ni teluji. Hatuna neno baya kwa kibao kile. Lakini kilichovuka bahari ndani ya simu ni ngozi yake tu. Ghala halikuvuka. Kijana wetu alilipa pesa kwa ubao mpya na akapoteza siku nzima kuuzeesha, na nyuma ya nganda ileile, tuliona kwa macho, kulikuwa palete sita zilizozeeka zenyewe, bure, zikingoja kuchomwa.

Tusieleweke vibaya juu ya teluji. Kuko wenzetu wanaokasirika wakiona Papa Noeli na kofia ya manyoya katika mwezi wa mvua na joto, na wanataka tuweke mitende na ngoma. Hiyo ni kubadilisha picha moja ya kuazima na ingine. Mchoraji anaweza kuchora teluji Kamalondo kama anajua kwa nini anaichora, hata kwa kuchekesha. Kosa la kibao kile ni uzee wa uongo. Mtu anayekusalimia na sura iliyotengenezwa kwa kuonekana amechoka, wakati hakuchoka, wewe utamjibu nini?

Cha pili kilikuwa Katuba, mlango wa lupango, mbao tatu fupi za palete zilizounganishwa kwa nyuma na vipande viwili. Neno moja tu: BONANE. Herufi sita, nyeupe, za urefu wa mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko, na chini jina la familia kwa herufi ndogo. Ile alama ya suke, pamoja na ZA na HT, iliachwa katika pembe ya kuume chini, kama vile muhuri juu ya barua. N ya kwanza ni pana na ya pili ni nyembamba. Tulidhani mkono ulikosa, mpaka tulipoona kwamba mahali pa N ya pili ubao uko na jicho gumu la tawi, lenye utomvu, ambalo rangi haishiki. Mwandishi aliisogeza herufi pembeni ili jicho likae katikati ya N na A. Aliisikiliza mbao. Chini, juu ya ndoano mbili, kulikuwa kiubao kidogo chenye mwaka, na kila mwisho wa mwaka hicho peke yake kinabadilishwa. Neno linabaki. Akina mama wa lupango walituonyesha viubao vya miaka iliyopita vilivyofungwa pamoja na kamba, kama shahada za shule.

Makosa yanakuwako pia. Rangi ni ya maji, ile ya kuta, na mvua ya mwezi wa kumi na mbili imekwisha kuibandua katika mguu wa B na wa E. Msonobari unakunywa maji na kuvimba, rangi ya maji haiufuati, inapasuka. Ingefaa kupaka kwanza tabaka nyembamba ya rangi ya mafuta iliyolegezwa, kuiacha siku mbili, kisha kuandika na rangi ya mafuta. Lakini tukiambiwa tuchague kati ya kibao kile cha Kamalondo na hiki cha Katuba kinachobanduka, hatufikiri mara mbili.

Cha tatu kilikuwa Ruashi, mbele ya nyumba ambamo waimbaji wa kanisa wanafanyia mazoezi. Mlango mzima wa mukwa, umelazwa ubavu, na juu yake mistari miwili: HERI YA, halafu MWAKA MPYA. Hiki ndicho kibao bora tulichokiona, na tunataka kusema kwa nini, maana watu wanasema "nzuri" na kupita.

Maneno hayo ni magumu kuandika. Wenye kuchagua BONNE ANNÉE wanapata maneno mawili ya herufi tano tano, sawa kama mizani. Tatizo lao ni moja, kuachia nafasi ya mkwaju juu ya É, na wengi wanaisahau na kuubandika baadaye kama nzi. HERI YA MWAKA MPYA ni herufi 15. Mstari wa juu uko na sita, na moja ni I, nyembamba kama msumari. Mstari wa chini uko na tisa, na tatu ni pana sana, M, W, na M tena. Ukiandika kwa ukubwa mmoja, juu panakuwa pamoto na chini panajaa kama basi la asubuhi. Mzee aliyekiandika alifanya HERI kuwa kubwa, karibu mara mbili, na YA aliishusha ndogo pembeni kwa namna ya mkono unaoonyesha mstari unaofuata. Hilo halitoki katika simu yoyote.

Halafu nafasi. Kiswahili kinapenda A. Hapa ziko nne. Mgongo wa mwisho wa W unalala upande uleule na mgongo wa kwanza wa A, na Y na A vivyo hivyo. Ukipima kwa rula na kutoa nafasi sawa kwa kila herufi, MWAKA inakatika: MW huku, AKA kule. MPYA inabaki na shimo mbele ya A. Tazameni banderoli zinazochapwa kwa mashine katika mji, zile za kitambaa cha plastiki, utaona mashimo hayo kila mahali, maana aliyekaa mbele ya mashine hakuyashughulikia. Katika kibao cha Ruashi, A imeingia chini ya bega la W, na A ya mwisho iko chini ya mkono wa Y. Jicho linapita bila kujikwaa.

"Papa, unapima na kitu gani?" tulimuuliza mzee.

"Mustari wa chini napiga na kamba ya chaki, Mwalimu. Mustari wa juu vilevile. Kisha pale rula naiweka. Ukubwa wa nafasi ni jicho. Naandika kwanza na chaki, naenda ng'ambo ya njia, natazama. Kama narudia mara tatu, si aibu."

Alituonyesha mengine. O anaipitisha kidogo juu ya mstari na kidogo chini, kwa sababu ikigusa tu mistari inaonekana imefupika. Mkono wa kuume anauegemeza juu ya fimbo yenye kitambaa kwenye ncha, ili usiguse rangi mbichi. Anaanza kutafuta herufi ya katikati ya mstari na kutoka hapo kwenda pande mbili, lakini hahesabu herufi kwa idadi, anahesabu kwa upana: I ni nusu, M na W ni moja na nusu. Burashi yake ni ya manywele marefu, na aliikata mwenyewe. Aliingia katika kazi hii akiwa kijana, kwa kuandika majina ya maduka, na ilimlishia watoto. Sasa, alisema bila kulalamika sana, kazi inakuja mara chache, kwa wafu na kwa sikukuu: msalaba na Bonane. Mengine yote yamekwenda kwa banderoli.

Juu ya banderoli tuko na maneno machache. Hatuichukii. Ni haraka, iko na picha, na kwa mkutano ao arusi inafaa. Lakini kwa sikukuu ya lupango inaleta kitu cha ajabu: salamu ileile, na taa zilezile za rangi, na kikombe kilekile cha divai, mbele ya milango ishirini. Mwenye mlango amelipa pesa ili asiseme kitu.

Tunafika sasa kwenye jambo lililoleta ubishi mkali katika chama chetu, nalo ni neno lenyewe. Wengine, na kati yao walimu wenzetu wa heshima, walipoona tunasifu kibao cha Katuba walisema: BONANE si neno. Ni Bonne Année iliyoanguka chini na kuvunjika. Kama ni Kifaransa, iandikwe Kifaransa. Kama ni Kiswahili, iandikwe Heri ya Mwaka Mpya. Mwalimu hawezi kusifu kosa lililopigwa rangi.

Tunawajibu hapa kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo hatukumaliza. Hakuna mtu wa Katuba, wala wa Kenya, wala wa mtaa wa matajiri, anayeingia kwa jirani tarehe 1 ya mwezi wa kwanza na kusema heri ya mwaka mpya. Anasema Bonane. Mtoto anayenyoosha mkono kwa baba mkubwa anataka Bonane yake, yaani pesa ao nguo. Neno limekwisha kuwa jina la siku, la zawadi na la salamu, mambo matatu ambayo Bonne Année haiyabebi yote. Halikuvunjika, lilikua. Na si mara ya kwanza Kiswahili cha mji huu kuandikwa. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya Elisabethville iliyokusanywa na André Yav, katika lugha ileile waliyoisema jikoni na barabarani. Wasomi walikuja kuichapa na kuitafsiri mwaka 1990, nasi leo tunaihesabu kuwa ushahidi mkubwa. Kama ndugu hawa wangemngoja mwalimu awape ruhusa ya lugha safi, tusingekuwa na kitu.

Tunakubali kwa wenzetu jambo moja. Darasani tunafundisha Bonne Année na mkwaju wake, na Heri ya Mwaka Mpya na herufi zake 15, na mtoto asiyejua hayo hatumpi alama. Lakini mlango wa lupango si daftari la mtihani. Kibao cha Ruashi kilifanya vema kuchagua Kiswahili kirefu, kwa sababu waimbaji wanaimba Kiswahili hicho na wageni wao wanatoka komini mbalimbali. Kibao cha Katuba kilifanya vema kuchagua Bonane, kwa sababu kinasema kwa jirani. Cha Kamalondo kilichagua Kiingereza kwa ajili ya mtu asiyekunywa pale.

Juu ya Noeli yenyewe, vijana wengi hawajui kwamba mwaka 1974 serikali ya Zaire iliitoa katika orodha ya sikukuu za kupumzika kazi. Watu walisali bila kupumzika, na wazee wanaokumbuka wanatuambia kwamba ubao wa Noeli mbele ya nyumba miaka ile ulikuwa jambo la kufikiri mara mbili. Tunalisema tu ili mtu asidhani kibao ni mchezo wa watoto wakati wote.

Mwaka huu shuleni tumeweka kazi hiyo katika saa za kazi za mikono, kidato cha nne. Kila kikundi kinaleta ubao mmoja wa zamani wenye alama ya HT ao ubao wa hapa, hakuna kununua, hakuna kuchoma ili uzeeke. Kamba ya chaki, penseli, burashi, kopo moja la rangi ya mafuta kwa darasa zima. Kazi ya kwanza ilikuwa neno MWAKA tu, mara tano juu ya sakafu kwa chaki, mpaka A ikae vizuri chini ya W. Wengine walichoka, msichana mmoja aliyeandika vibaya sana katika daftari akawa ndiye mwenye jicho kuliko wote. Mzee wa Ruashi amekubali kuja mara mbili, na wazazi wanachanga nauli yake na chakula.

Chama nacho kinakusanya. Tumekwisha kupata viubao vinne vya mwaka, na kipande kimoja cha mlango wa bluu ambacho kimebaki na herufi NNÉE peke yake, mkwaju wake ukiwa umeandikwa vizuri. Wenye kubaki na vingine, hata vilivyopasuka, wavilete kwa katibu mbele ya kuwasha mbabula. Waandike nyuma, kwa penseli, mtaa, mwaka, na jina la aliyeandika kama linajulikana.